Mashine Inayosubiri Wingu

Mashine yangu ya kufunga nyasi haijawahi kuharibika mwezi wa Januari. Januari nzima imekaa chini ya mtarakwa, kuku wanatagia ndani yake, nayo ni nzima kabisa. Huharibika siku ambayo nyasi zimeshakatwa, zimekauka, zimelala kwa mistari shambani, na juu ya Mau kumetokea wingu jeusi lenye ukubwa wa sufuria. Hapo ndipo inapoanza kukohoa.

Huku Rongai, upande wa Nakuru, tunaiita beila. Yangu ni ile ya marobota ya mviringo. Kibao chake cha bati kinasema iliundwa 1987. Niliinunua 2011 kutoka kwa shamba moja kubwa lililokuwa linauza vyuma vyake, na msimamizi aliyeniuzia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyoshikana matangani. Nilidhani ni adabu.

Kwa wasioijua: trekta inaivuta, na shafti inayotoka nyuma ya trekta inaizungusha mara 540 kwa dakika. Mbele kuna meno ya kuokota nyasi. Ndani kuna mikanda mipana ya mpira inayozibiringisha mpaka robota lifike kimo cha kifua. Unasimama, uzi unazungushwa, mlango wa nyuma unafunguka, robota linatoka. Dereva naye hana budi kuyumba kushoto na kulia akifuata mstari ili pande zote zijae sawa, la sivyo atazaa karoti. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema. Kwangu, kengele ya kutangaza kwamba robota limejaa ilikufa zamani; kengele siku hizi ni kijana anayepiga mluzi akiwa amesimama mbali. Nasema mbali. Shafti ikizunguka hakuna anayeikaribia, hata uzi ukinasa, hata wingu likifika kichwani. Mkono ukivutwa na ile mikanda haurudi. Katika hilo sina utani.

Tuje kwenye bolti. Pale shaftini kuna bolti moja laini iliyowekwa makusudi ivunjike. Ndiyo, mtu alikaa mezani na penseli akachora kitu cha kuvunjika. Nyasi zikisonga kupita kiasi, bolti inakatika, gia zinapona. Wazo zuri sana, kama nyumba yako imepakana na duka la bolti. Mwaka juzi zilikatika saba kabla ya saa sita mchana. Fundi wangu wa jua kali, mtu mwenye huruma, akanichongea moja ya chuma kigumu.

"Hii, Mwalimu, itakuzika," akasema.

Hakudanganya. Bolti ile ipo mpaka leo. Gia ndizo zilizokatika, nikauza ndama wawili.

Beringi nazo zina siri ambayo ningeambiwa mapema ningekuwa na nywele. Usiende dukani ukataja jina na mwaka wa mashine. Mwenye duka atakutazama kama mtu anayetafuta spea za safina ya Nuhu. Futa grisi, soma namba. Chukua tarakimu mbili za mwisho uzizidishe kwa 5, umepata upana wa tundu kwa milimita: 6207 ni 35, iwe imetoka kwenye trekta au kwenye pampu. Mimi nilizunguka barabara ya Kirinyaga, Nairobi, siku mbili kabla mtu hajanifungulia siri hiyo, na njiani nikauziwa ya gari dogo na kijana aliyeniapia kwa mama yake. Leo rola mbili za chini zinazungukia beringi za kinu cha posho. Hazijalalamika.

Tatizo la beringi ni kwamba haifi kimya. Hupata moto, na imezungukwa na nyasi kavu pande zote. Kwa hiyo trekta yangu hubeba mitungi miwili ya maji, lita 20 kila mmoja. Wageni wakiuliza, nasema ni ya kunywa.

Na uzi? Wa plastiki ni imara, lakini ng'ombe akiumeza unamkaa tumboni, kwa hiyo natumia wa katani, unaotokana na mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge iletwe Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikafika hai 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga. Uzi wangu ukikatika mara ya tatu kwenye robota moja, huwa na hakika umetokana na ile 938 mingine.

Tuseme basi siku imeenda vizuri. Robota hilo hapo, kilo zake zinapita 200. Mteja naye huyo, amekuja na bodaboda.

"Mwalimu, hakuna dogo?"

Wote wanataka dogo. Lile la mraba ambalo mtu analiinua kwa kamba zake mbili, analirusha kwenye pikapu, anakwenda zake. Langu linahitaji vijana wanne na ardhi isiyo na mteremko. Shamba langu lina mteremko. Jirani yangu aliyeko chini alikuwa na kitalu cha sukuma wiki. Tumeshayamaliza mbele ya wazee, sitayarudia.

Sasa, mama watoto ana sanduku. Ni mbao tupu, halina kitako wala kifuniko, sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lile ambalo maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima wadogo. Analaza kamba, anajaza nyasi, anapanda juu anakanyaga, anafunga, anasukuma nje. Robota la kilo kama 20, kona zote nne zipo. Sanduku halinywi dizeli, halijui grisi ni nini. Na nyasi anazitoa wapi? Anafungua marobota yangu.

Mwezi uliopita fedha za beringi zilitoka kwenye sanduku. Aliziweka mezani zikiwa zimeshahesabiwa, akaenda kukamua.

Nikiambiwa niiuze beila, nauliza: ekari 12 zilizolala chini na mvua iko Molo, utazikanyaga kwa mguu? Jioni ile inapokubali, inatema robota kila baada ya dakika chache, mlango wa nyuma unajifunga kwa kishindo, na mimi juu ya trekta nayumba kushoto na kulia kama bwana harusi. Kipya kinyemi, walisema. Hawakuwahi kukisikia cha zamani kikiitika.

Sasa naomba. Kama kwenu kuna beila ya mviringo ya miaka hiyo imelala chini ya mti, usimwite mnunuzi wa chuma chakavu kabla hujaniita mimi. Nahitaji mkanda mmoja, gia zozote zilizosalia, na ile kengele kama bado inalia. Njoo na pikapu. Ukirudi nitakujazia marobota, ya sanduku.