Jinsi ya Kulizuia Jua la Bariadi Lisipime Pamba

Mjue kwanza adui yako: ni jua. Msimu wa pamba ukifika, mizani ya kidijitali hukaa kwenye baraza ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) tangu asubuhi kukiwa na ubaridi, hadi saa nane mchana bati limeshika moto. Mkulima wa Itilima aliyepima mapema na wa Meatu aliyefika mchana wana haki sawa ya kilo zao. Kazi yako, mbunifu wa chipu, ni kuhakikisha jua halipati mgawo. Halikulima, halikupalilia, halikupulizia dawa.

Ndani ya chipu inayopima kuna mkondo mdogo wa rejea, mara nyingi maikroampea chache tu, na mikondo mingine hunakiliwa kutoka kwake. Huo ukiyumba, chipu nzima inayumba.

Wavivu wana njia yao. Huchukua rezista moja, wakaiunga kati ya betri ya volti 5 na transista, wakaenda kunywa chai. Transista hula takriban volti 0.6, rezista inabaki na 4.4. Sasa betri ya sola ikipanda hadi volti 5.5, mkondo unapanda kwa asilimia 11. Mvivu wa pili, anayejiona mjanja, huitupa betri na kuitegemea volti ya besi na emita peke yake. Hiyo hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Joto likiongezeka nyuzi 30, milivolti 60 zimekwenda, karibu sehemu moja ya kumi ya rejea yote. Huyo amempa jua cheo cha karani wa mizani. Usimwige.

Fanya alivyofanya mbunifu wa chipu Robert Widlar mwaka 1971, na mwenzake Paul Brokaw mwaka 1974 akaboresha. Volti ya transista moja hushuka joto likipanda. Lakini chukua transista mbili, mkondo sawa, moja iwe na eneo la emita mara 8 ya mwenzake: tofauti ya volti zao hupanda na joto. Kwa nyuzi 27 tofauti hiyo ni kama milivolti 54, na huongezeka milivolti 0.18 kwa kila nyuzi. Ikuze takriban mara 11, ujumlishe na ile inayoshuka. Ni maksai wawili kwenye plau moja: mmoja anavutia kushoto, mwingine kulia, na mtaro unanyooka. Jumla yake ni karibu volti 1.2, kiasi kinachotokana na pengo la nishati la silikoni yenyewe. Nakiri naipenda sakiti hii kuliko zote; inalifanya joto lipambane na joto.

Volti imetulia, lakini wewe unataka mkondo, kwa hiyo utaigawa kwa rezista. Na rezista nayo hubadilika kwa joto. Unganisha mbili za aina tofauti, moja inayopanda na nyingine inayoshuka, kisha acha vipande vya kurekebisha kiwandani, maana hakuna rezista ya chipu inayotoka na thamani kamili uliyoiandika. Transista zinazonakili mkondo zipange mbilimbili, moja juu ya nyingine, ili volti ya betri isizisumbue. Ile kubwa ya mara 8 igawe vipande 8 viizunguke ile ndogo katikati, joto la upande mmoja lisipendelee yeyote. Usisahau kiamsho: sakiti hii huridhika pia na mkondo sifuri, na bila kuamshwa inaweza kulala wakulima wakiwa foleni.

Mizani ina bahati moja. Chuma chake cha kupimia na kigeuzi cha namba vikilishwa volti ileile, kosa la rejea hujifuta katika kugawanya. Mita ya umeme ya LUKU ukutani kwa mjane wa Maswa haina bahati hiyo. Inapima volti na ampea kwa rejea moja, kisha inazidisha. Rejea ikishuka asilimia 1, vipimo vyote viwili vinapanda asilimia 1, na uniti zinaliwa asilimia 2 zaidi. Ndiyo maana rejea yenye kosa la sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi si anasa: kwa nyuzi 40 rejea inayumba asilimia 0.04 tu.

Usijitetee kwamba mkoa wetu wa Simiyu hauna kiwanda cha chipu. Nyeri, Kenya, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kipo. Na tangu mwaka 2020 kanuni za kuchora chipu za nanomita 130 za kiwanda cha SkyWater ziko wazi kwa wote. Programu za ngspice na Magic ni za bure. Kijana wa Bariadi mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuichora sakiti hii yote na kuijaribu kwa joto lolote.

Basi ukiichora, ijaribu kuanzia nyuzi 10 hadi 70, na matokeo yote uyaandike kwenye karatasi ya sifa. Wakala wa Vipimo wanaweka muhuri nje ya mizani. Ndani ya chipu hakuna mkaguzi ila wewe. Mbunifu anayeandika kosa la nyuzi 25 pekee asiuze chipu yake Usukuma.