Wiki Moja kati ya Gongo la Mboto na Kariakoo

Jumatatu
Nakaa Ukonga, Dar es Salaam, karibu na kituo cha Mombasa. Alfajiri daladala zinazotoka Gongo la Mboto hupita hapa zimejaa hadi mlangoni, kwa hiyo watu wa kwetu hugeuza: unapanda gari linalorudi mwisho wa ruti, unalipa, unakaa, unageuka nalo kwenda mjini. Leo niligeuza na kupata siti ya dirishani. Tulipofika Gongo la Mboto konda akatutangazia kwamba gari linakwenda kuziba pancha, tushuke. Nauli ya kugeuza hairudishwi. Nilisimama hadi Kariakoo ndani ya gari jingine, ndoo ya vitumbua ya mama mmoja ikiwa juu ya mguu wangu wa kulia. Hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Jumanne
Jioni ruti ilikatwa. Ubavuni pa gari pameandikwa Gongo la Mboto, lakini tulipofika Tazara, kwenye daraja la Mfugale, konda aligonga bodi mara mbili: "Mwisho hapa, tunageuza." Tulikuwa tumeshalipa wote. Waliopaza sauti walirudishiwa shilingi 300. Mimi sikupata kitu, wala mama mjamzito aliyekuwa mbele yangu hakupata. Tulisubiri pamoja gizani hadi gari jingine likaja, na nauli tukalipa upya.

Konda yule simlaumu peke yake. Gari si lake wala si la dereva. Wanalichukua kwa tajiri asubuhi, na usiku wanatakiwa kupeleka hesabu, kiasi kilichokwisha kupangwa, iwe mvua au jua. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya hapo ndicho wanachopeleka nyumbani. Jioni abiria wako Kariakoo, hawako Gongo la Mboto. Dereva akiishia Tazara anawahi kurudi kupakia tena. Na huyu wa leo alikuwa deiwaka, ameachiwa usukani kwa saa chache tu, kwa hiyo ana hesabu yake ndani ya hesabu ya mwenzake. Mei 2015 madereva wa abiria waligoma, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Walidai haki yao. Mtu mwenye mshahara hana sababu ya kumshusha mjamzito njiani usiku.

Jumatano
Chenji. Konda aliniambia, "Dada, nipe mia mbili nikupe mia tano." Nikampa 200 juu ya noti ya 1,000. Mama wa pembeni yangu naye akaombwa vivyo hivyo. Kisha konda akatupa noti moja ya 1,000, tukagawane. Mama anashuka Uwanja wa Ndege, mimi nakwenda mwisho. Nilishuka naye. Muuza mihogo alikataa kuvunja noti mpaka tununue, tukanunua, na gari likaondoka. Mama akaniambia, "Pole mwanangu, kula basi." Mihogo ilikuwa ya moto na imekolea pilipili. Nauli ya kutoka pale hadi mjini nililipa tena.

Alhamisi
Mvua tangu usiku. Pale kituoni kulikuwa na watoto wa shule, sare zimelowa hadi magotini. Magari matatu yalipita, na kila konda alizuia mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi za mjini ilipanda kutoka 500 hadi 600, ya mwanafunzi ikabaki 200. Kwa anayekimbizana na hesabu, mtoto mmoja amekalia nafasi ya mtu anayelipa mara tatu. Hiyo ndiyo sababu, lakini si sababu ya kumwacha mtoto wa darasa la pili kwenye mvua.

Gari la nne lilipokuja nilimshika mkono msichana mmoja mdogo nikasema ni wangu. Konda alimtazama, akanitazama, akatutoza wote wawili nauli ya mtu mzima. Nililipa. Nilimpakata hadi Vingunguti, na sketi yake ikailowesha yangu. Kazini nilikuta kitabu cha mahudhurio kimeshapigwa mstari mwekundu, jina langu likaingia chini yake.

Ijumaa
Nilirudi kwa treni ya Pugu. Treni za mjini zilianza Oktoba 2012, na watu wakaziita za Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mabehewa yalijaa, nilisimama, kamba ya kiatu ilikatika wakati wa kupanda. Hata hivyo treni haikukata ruti, haikupigiwa debe, wala haikumzuia mwanafunzi mlangoni. Nilitembea kutoka stesheni hadi nyumbani nimeshika kiatu kimoja mkononi.

Jumamosi
Sikwenda kazini. Baba mwenye nyumba ana Kosta moja inayopeleka abiria Makumbusho, na leo alikuwa kibarazani akihesabu pesa za jana. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini asiwalipe vijana wake mshahara.

"Mwanangu, nikiwalipa watalala. Gari litakaa kijiweni, na mkopo wa gari haulali."

Nikamwambia kwamba madereva wa mabasi ya mwendokasi ni waajiriwa, na mabasi yale yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na mjini, tiketi zilikatwa kituoni, dereva hakugombea kichwa cha mtu. Akajibu kwamba yale ni makampuni, yeye ni mtu mmoja na gari moja. Hilo ni kweli. Magari mengi yanayotubeba ni ya watu kama yeye, wastaafu na wafanyabiashara wadogo waliokopa. Lakini hesabu anayoipanga yeye pale kibarazani ndiyo inayoamua kama mimi nitafika Ukonga au nitaachwa Tazara. Tulipokuwa tunaongea, mvua ilinyesha juu ya nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba.

Barabara ya mwendokasi ya awamu ya tatu imeelekezwa huku kwetu Gongo la Mboto, na naitakia heri. Daladala hata hivyo zitaendelea kutubeba, hasa wa njia za ndani. Kwa hiyo nawaomba wenye magari: waandikieni vijana wenu mikataba, punguzeni hesabu siku za mvua. Na wewe abiria uliyepata siti, mwanafunzi akisimama karibu nawe mpokee begi. Akiwa mdogo, mpakate. Konda akimzuia mlangoni, usinyamaze.