Springi Chini ya Kitanda

Kitanda cha wanangu kilikuwa na milio miwili. Mlio wa mbao ulikuwa wake mwenyewe. Mlio wa chuma ulitoka chini yake, mahali baba watoto alipolaza springi mbili za pikapu. Alikuwa amezifumua, akasugua kutu, akapaka grisi bapa moja moja, kisha akazipanga tena na kuzifunga waya zisubiri uamuzi wake. Zilisubiri miezi miwili na nusu.

Tuko Diaca, wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye ile barabara inayoteremka kutoka uwanda wa Mueda kwenda Awasse na hatimaye baharini. Nayasema ya mwaka 2015, vita hivi vya karibuni vilikuwa bado havijatufikia. Mume wangu ni fundi magari. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa kuwa wazee wake walivuka kuvikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, na ufundi kaujifunzia Masasi. Ndiyo maana gari la kwetu linasimamishwa na polisi kwa Kireno, linatengenezwa kwa Kiswahili na linatukanwa kwa Kimakonde.

Alinunua Hilux kuukuu isiyo na mbele. Ilikuwa na fremu, kebini, injini na karai la nyuma, lakini huko mbele ilikalia matofali. Ilizaliwa na tosheni ba, yaani vile vyuma virefu vinavyojinyonga kila tairi likipanda, na tairi la kulia halijui la kushoto linafanya nini. Mwenye gari wa kwanza alikwisha kuzing'oa, akamkabidhi mume wangu pamoja na mikono yake na boljointi zilizolegea kama meno ya mzee. Wiki ya pili mume wangu akapata, kwa bei aliyonificha hadi leo, ekseli nzima ya Hilux nyingine pamoja na springi zake za bapa. Toyota walianza kuhamia tosheni ba kwenye Hilux nyingi za difu mbili katikati ya miaka ya 1980, ila masoko mengine waliendelea kuyauzia ekseli nzima. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa halali, na zote mbili zililala nyumbani kwangu.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye simu ya mpwa wake. Humo aliona magari ya Marekani yanayoitwa hot rod: Ford ya 1932 imevuliwa madigadi na bonati, ekseli ya mbele iko nje kabisa kama miguu ya panzi. Akanieleza usiku kucha. Kwamba Ford wa zamani alikuwa na springi moja tu mbele, imelazwa kutoka tairi hadi tairi, na hakuiacha mpaka 1948. Kwamba vijana wa leo wenye fedha wanaing'oa ekseli hiyo na kuweka mguu wa mbele wa Mustang II, ile ya 1974 hadi 1978, ili kila tairi lijitegemee na safari iwe laini.

"Wao wanatoa ekseli," nikamwambia, "na wewe unataka kuirudisha."

"Wao wana lami, mama watoto."

Hapo alikuwa na hoja, nakiri. Tosheni ba ina raha yake. Gari likiinama unazungusha bolti moja tu, linanyanyuka. Lakini ina viungo vingi, bushi juu, bushi chini, boljointi nne, na kila kimoja kinaliwa na mashimo. Ekseli nzima ni bomba la chuma lenye difu ndani yake. Tairi moja likipanda jiwe lingine linainama nalo, abiria anapigwa kichwa dirishani, lakini ikivunjika, hata mhunzi wa kijijini anajua aanzie wapi. Ila kuiweka kulitaka kuchomelea vishikio vipya kwenye fremu, na akishachomelea hakuna kurudi nyuma. Hapo ndipo mume wangu alipokwama. Asubuhi alikuwa mtu wa springi. Jioni, akirudi kutoka kuonja gari la mtu lililo laini, alikuwa mtu wa tosheni ba.

Wakati huo nyumba ilikuwa yangu kwa jina tu. Ekseli ilikaa sebuleni, wageni wakaifanya kibao cha kuwekea miguu. Kapulana yangu mpya, yaani kitenge, ilipata doa la grisi lenye umbo la boljointi, hadi pini yake inaonekana. Zile tosheni ba mbili, zenye urefu wa zaidi ya mita moja, nilichoka kujikwaa nazo. Nikapiga misumari ya inchi sita dirishani, moja nikaitundikia pazia. Pazia lile halikuwahi kupepea tena.

Mwishowe aliitwa mjomba wake, kwa maana kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli, hata kauli yenyewe ikihusu bushi. Mjomba hajawahi kumiliki hata baiskeli. Aliizunguka ile Hilux mara mbili, akagonga ekseli kwa fimbo, akauliza: "Kipi kizito?" Akaambiwa ekseli. "Basi weka hicho." Miezi miwili na nusu ya kukosa usingizi ikaishia hapo.

Jumamosi wakachomelea. Jumapili baada ya misa wakatoa springi chini ya kitanda. Mume wangu akafungua waya wa kulia, akahesabu mabapa matano. Akafungua wa kushoto, akahesabu manne. Akahesabu tena kwa kugusa kwa spana. Manne. Watoto walipekuliwa, mbuzi wa jirani akashukiwa, mpwa akaapa kwa mama yake.

Baba mkwe alikuwa chini ya mwembe, anachonga. Ni mchongaji tangu ujana wake huko Tanzania, mtu wa mpingo, na siku zote analalamika kwamba tezo za dukani zinakunjika kama ulimi. Siku ile hakulalamika. Vibanzi vyeusi vilikuwa vinaruka vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mume wangu alisogea na chupa ya maji, akasimama ghafla. Nami nikaiona. Ilikuwa tezo mpya, bado ina rangi ya samawati ya motoni karibu na makali, na juu kidogo, pale inapokutana na mpini, kulikuwa na tundu la duara, safi, la kutosha kupitisha kidole cha mtoto. Tundu la senta bolti.

"Baba," mume wangu akasema taratibu, "hiki chuma umekitoa wapi?"

"Kwa mhunzi."

"Na mhunzi?"

"Mimi nilimpelekea. Chuma cha springi kinakubali makali, mwanangu. Ukikitia moto na kukizimisha vizuri, kinakula mpingo kama muhogo." Kisha, bila ubaya wowote, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Nilimwomba mkeo."

Ni kweli. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nasonga ugali, moshi machoni, akapiga hodi kuuliza kama vile vyuma chini ya kitanda vina kazi. Nikamjibu, "Chukua tu baba, utakuwa umenisaidia." Sikusema chukua kimoja wala vyote. Nashukuru alikuwa mtu wa kiasi.

Bapa la kuziba pengo lilipatikana Mueda, kwenye pikapu nyingine iliyokufa, nene kuliko wenzake. Hilux ilisimama kwa miguu yake, upande wa kushoto juu kwa vidole viwili, na usukani ukawa unavuta kulia. Ikatakiwa mtu mzito akae kushoto kila safari. Mjomba ni mwembamba kama fito. Wote wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo nilikwenda sokoni Mocímboa nikiwa nimekaa pale pale, gunia la korosho kati ya miguu, na nikitaka kushuka njiani ilibidi kwanza niombe ruhusa ya fundi.

Jioni moja baba mkwe alikuja kunywa chai sebuleni. Alimaliza kikombe, akaomba kingine, naye siku zote hunywa kimoja. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Mwanangu," akasema, "hilo pazia unalipenda sana?"