Minofu Walishakula

Nchi hii pesa husafiri haraka kuliko habari zake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nikibonyeza simu hapa Obunga, pesa inafika Nairobi kabla sijageuza samaki kwenye karai. Lakini habari kwamba pesa hiyo ilikuwa ya kulipa deni, na kwamba deni lenyewe limekwisha, hiyo hutembea kwa miguu, tena kwa kuchechemea.

Nilikopa shilingi 40,000 za kupanua biashara yangu ya mgongo wazi. Nikalipa zote, na riba, na ada ya usindikaji ambayo mpaka leo sijui ilisindika nini. Kumbe huko kwa wakopeshaji faili langu lilikuwa limeshapelekwa kwa mtu mwingine, na faili halisomi meseji.

Wakanishtaki katika mahakama ya madai madogo. Mahakama yenyewe sina ugomvi nayo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Jambo jema hilo, ila kama hujui una kesi, ni mwendo wa kutisha. Hati ya kuniita ilitumwa kwa WhatsApp, wanasema, na kweli kanuni zinaruhusu tangu 2020. Simu yangu ni kabambe. Ina tochi, ina redio, inakaa na chaji hadi Jumapili. WhatsApp haina. Lakini aliyetuma aliapa kwamba hati ilinifikia, mimi sikujibu, hukumu ikatoka.

Nilipata habari siku dalali alipokuja na daftari. Kijana mpole, shati limepigwa pasi. "Mama, mimi natumwa tu." Huyo Natumwa-Tu ndiye mkubwa wa ofisi zote Kenya, hakuna aliyewahi kumwona akiwa kazini. Dalali akaandika: televisheni, sofa, kitanda, karai mbili. Siku saba, nisipolipa, mnada.

Bahati yangu jirani ni mzee, jaduong' mmoja aliyewahi kuwa karani wa wakili. Akaegemea mlango. "Omera, kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai unakijua? Kitanda na matandiko havikamatwi. Vyombo vya kupikia havikamatwi. Zana za kazi pia." Kijana akafuta kitanda. Kwenye karai akasita: ni chombo cha kupikia au ni zana ya kazi?

"Ni vyote viwili," jaduong' akasema. "Ifute mara mbili."

Televisheni haikupata wa kuitetea.

Nikaenda kwa wakopeshaji na taarifa yangu ya M-Pesa, nimeichapisha saiba, kila malipo na nambari yake. Binti wa kaunta akatazama kompyuta, hakutazama karatasi. "Mama, mfumo unaonyesha unadaiwa." Nikamwambia atazame na karatasi. Akaitazama. "Hii inaonyesha ulituma. Haionyeshi tulipokea."

Hapa kwetu tumezoea. Kiwandani minofu ya mbuta hukatwa ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunakaanga mgongo unaobaki. Lakini hata wazungu, wakishakula minofu, hawajawahi kurudi Obunga kudai na mifupa.

Basi jaduong' akaniandikia ombi la kutengua hukumu. Ada ya kufungua, ada ya kiapo, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi. Mnada ukasimamishwa, kwa sharti: niweke mahakamani nusu ya pesa zinazodaiwa, kama dhamana, mpaka nisikilizwe. Yaani nilipe kidogo ndipo nieleze kwamba nilishalipa.

Nikiwa nawaza nitakopa kwa nani, simu ikalia. Ni ujumbe wa wakopeshaji. "Mteja mpendwa, hongera! Umemaliza kulipa mkopo wako vizuri. Sasa unaweza kukopa hadi shilingi 60,000."

Jaduong' akaninyang'anya simu nisije nikaufuta kwa furaha. Saiba wakaipiga picha kabambe nzima, na ufa wake, wakachapisha. Tukampelekea kamishna wa viapo aambatishe kwenye kiapo. Akasoma, akagonga muhuri, akapokea ada yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hizo 60,000 sizihitaji, maana shule zinafunguliwa Jumatatu.