Mwenye Elfu Sitini Achague Mwaka

Gemu mpya ya mpira ikitoka siku hizi, huko Marekani wanaiuza dola 70 kasoro senti moja. Hiyo senti sijui wamemwachia nani. Piga dola kwa 2,500 uone: ni shilingi 175,000, na hapo hujamlipa aliyeisafirisha, hujamlipa wa Kariakoo, wala huyu wa hapa Mwanza ambaye naye ana kodi ya fremu na watoto wanasoma. Mimi bajeti yangu ni 60,000. Na hiyo yenyewe sinayo mfukoni, iko kwa shemeji.

Shemeji anavua dagaa upande wa Igombe. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanakuja kushangaa, wanazolewa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanapumzika. Kwa hiyo deni langu linaenda kwa mwezi. Ukimdai mbalamwezi, anakwambia subiri giza. Ukimdai giza, yuko ziwani na simu haipatikani. Na hizo siku za mbalamwezi anapokuwa hana kazi, unadhani anapumzikia wapi? Anapanda mawe yote ya Mabatini mpaka kwangu, anakaa kwenye kochi, anashika pedi. Mdaiwa anacheza gemu, mdai anaulizwa kama chai ina tangawizi.

Mashine tunayo, nisije nikaonekana nalia bure. Ni PS4 ya mtumba, niliuziwa na kijana aliyekuwa anatafuta ada ya chuo. Nilinunua kwa hesabu. Mapacha wangu (Kulwa na Doto, si tuko Usukumani) walikuwa wanamalizia hela ya maandazi kwenye kibanda cha gemu pale chini, kwenye PS2. Sony waliacha kuitengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, lakini taarifa hiyo kibandani haikufika. Runinga ni ya kichogo, pedi zimefungwa na gundi ya umeme, na sheria ni moja: aliyefungwa ananyanyuka, aliyefunga anabaki. Doto anabaki. Kulwa ananyanyuka, analipa tena, ananyanyuka tena. Nikaona bora nilipie aibu ya mtoto mara moja, aipatie nyumbani.

Sasa mashine ilikuja na CD moja tu ya mbio za magari, ambayo watoto wameimaliza mpaka wanaendesha wamefumba macho. Inatakiwa CD nyingine. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mama watoto alitaka gemu ya kufundisha hesabu. Tukamheshimu, tukaendelea. Shemeji akapendekeza GTA. Nikamwambia nyumba hii haiibi magari, hata ya kwenye runinga. Akasema basi tusubiri GTA VI, labda itakuwa na adabu. Hiyo GTA VI waliahidi 2025, wakasogeza hadi Mei 2026, wakasogeza tena hadi Novemba 2026, na hata ikitoka haitaingia kwenye PS4. Shemeji hakuona tatizo lolote katika kalenda hiyo. Alisema jamaa hao anawaelewa sana.

Ukabaki mpira. Doto akataka FIFA, Kulwa akataka PES. Mjuzi mmoja wa mtaani akaniambia ninajisumbua bure, kwani tangu Septemba 2021 Konami waliliacha jina la PES, wakaleta eFootball, na hiyo wanaitoa bila malipo. Ni kweli wanaitoa, japo siku za mwanzo sura za wachezaji zilichekesha dunia nzima. Lakini inapatikana kwenye intaneti, na uzito wake ni giga kwa giga. Tulijaribu kuishusha kwa simu yangu. Bando likakata roho kabla mstari haujafika katikati, na tukanunua lingine ili tumwage zaidi. Bure ya namna hiyo ni kama mgeni aliyekuja mikono mitupu halafu anauliza kuku atachinjwa saa ngapi.

Ngoja niseme jambo ambalo wauza gemu hawatalipenda. Gemu za mpira hazizeeki kama wanavyotaka tuamini. Kila Septemba wanatoa mpya, na wewe wa mwaka jana unaonekana umevaa kaptula kwenye harusi. Wameongeza nini? Jezi, usajili na nywele. Wenyewe wamewahi kukiri. Mwaka 2020 Konami walisema wazi kwamba PES 2021 ni ile ya mwaka uliopita iliyosasishwa vikosi, wakaishusha bei mpaka dola 30. Nawaheshimu kwa hilo. EA nao, kwa mashine ya Nintendo Switch, walikuwa wanauza FIFA yenye maandishi ya Legacy Edition kwenye ganda, yaani uchezaji ule ule, vikosi na jezi vipya. Mwaka 2023 EA wakaachana na FIFA wenye jina lao, gemu ikaitwa EA Sports FC 24. Kule kibandani bado inaitwa FIFA, na hakuna aliyefungwa mabao machache kwa sababu ya jina.

Kwa hiyo mtu mwenye elfu sitini asihangaike kuchagua gemu. Achague mwaka. Aiache gemu ichakae kidogo mikononi mwa wenye uwezo, imshukie taratibu, aidake ikiwa bei yake imeshapata akili. Na mimi mwaka wangu ninaujua: 2019.

FIFA 20 ilitoka Septemba 2019. CD ile ukiichomeka bila intaneti, hakuna aliyehama. Messi yuko Barcelona, anapiga faulo zake kwa raha. Na Mbwana Samatta wetu yuko Genk. Sizungumzii Samatta wa kuhamahama. Ni yule aliyetoka kuchukua ubingwa wa Ubelgiji na Kiatu cha Ebony mwaka huo huo, yule ambaye tarehe 5 Novemba 2019 aliruka pale Anfield akawatia Liverpool kichwa mpaka nyavu zikatikisika. Walishinda wao 2-1, sawa, lakini sisi hatukuwa tunahesabu yao. Miezi miwili baadaye akaenda Aston Villa, hadithi nyingine. Kwenye CD hiyo haendi popote. Gemu ya 175,000 inaweza kunipa nini cha kushinda hapo? Majani yanayoyumba kwa upepo?

Doto akanikubali. Kulwa akakataa, na huyo mtoto akikataa huwa na hoja. Alisema FIFA haina Pamba. Hilo kweli. Pamba Jiji wa hapa Mwanza walirudi Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kuisikia redioni, lakini ligi yetu humo ndani haimo kabisa. Kwa miaka kadhaa klabu za Afrika kwenye FIFA zilikuwa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, zote za Soweto, utadhani kusini mwa Sahara watu wengine wote tunacheza bao. PES nayo haina Pamba, lakini inakuruhusu kubadilisha jina la timu na jezi yake. Nikamwonya kwamba PES ya zamani majina yake ni ya kujificha, kwa kuwa hawakuwa na kibali. Unatafuta Chelsea unakuta London FC. Manchester United ni Man Red. Real Madrid wanaitwa MD White, kama sabuni ya kufulia. Kulwa akajibu, "Kwenye FIFA 20 Juventus wanaitwa Piemonte Calcio, baba, Ronaldo kavaa jezi ya ajabu." Mtoto hajui jedwali la saba lakini haki za majina anazijua.

Giza lile lilikuwa zuri. Shemeji alikuja asubuhi na 35,000 na kiroba cha dagaa. "Hiyo nyingine ndiyo hii, shemeji," akasema, akikitua kiroba. Sikubishana. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nikakibeba hivyo hivyo nikashuka mjini.

Muuza CD ni kijana aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Gemu mpya ameipanga juu, nyuma ya kioo. Nilisoma bei nikaangalia feni. Za mitumba ziko kwenye boksi la maji ya kunywa. Akaichomoa FIFA 20, akaifuta na pindo la shati, nikamnyang'anya kwa adabu. CD usiitazame ukiwa umeikabili. Ilaze kidogo chini ya taa, izungushe polepole. Mkwaruzo ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni unasameheka. Unaoufuata mzunguko wa CD, huo ni ugonjwa: mashine inasoma kwa kuzunguka, ikifika hapo inakwama na mtangazaji wa mechi anabaki amefungua mdomo. Hii ilikuwa na miwili iliyonyooka na alama ya kidole cha mtu aliyekula chipsi. Akasema 40,000. Nikasema ya mwaka gani hiyo? Akasema 35,000.

Nikahesabu mbele yake, noti kwa noti, nikabaki na kiroba. Na PES 2018 ilikuwa pale kwenye boksi, 25,000, ikinitazama kwa macho ya Kulwa.

"Mzee," kijana akanusa, "hao ni dagaa wa Mwanza?"

Anauliza dagaa wa Mwanza akiwa Mwanza. Nikamwambia hapana, ni wa Igombe, wa giza hili. Kumbe mama yake yuko Mbagala, kila akipiga simu salamu ni dagaa. Akatumbukiza mkono, akatafuna mmoja mkavu papo hapo, akautazama ukuta kwa muda. PES ikahamia kwangu, kiroba kikahamia nyuma ya kaunta. Hata risiti hatukuandikiana. Ningemwambia aandike nini?

Nyumbani mashine ikaanza kujikopi FIFA, umeme ukakatika, ukarudi, ikaanza upya kwa hasira. Jioni Doto alikuwa ameshachukua Genk dhidi ya Liverpool na Samatta ana mabao mawili, yote ya kichwa, ingawa pedi ya kushoto inavuta upande na mpira nusu ya muda ulikuwa unataka kwenda Bukoba. Kulwa alikuwa anasubiri zamu kama wakili, PES mkononi. Alipoipata akaingia moja kwa moja kwenye kuhariri timu, akaanza kuandika, herufi moja moja kwa pedi, ulimi nje. Shemeji, ambaye alipaswa kuwa ziwani kwa kuwa giza bado lilikuwepo, aliniuliza kama hiyo gemu ina mtumbwi.

Mama watoto akatoka jikoni na sufuria tupu. "Baba Kulwa, shemeji anasema alileta dagaa. Wako wapi?"

Nikamweleza kwamba wamebadilishwa na kitu cha kudumu. Akauliza kitu gani. Nikasema ni mpira, kuna timu nyingi sana humo, kuna mpaka London FC.

"Haya," akasema, akiiweka sufuria mbele ya runinga. "Leo mtakula hiyo London FC."

"Mama," Kulwa akajibu bila kugeuka, "siyo London FC tena. Ni Pamba Jiji."