Kampuni Changa ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu hana shida. Shida, anasema, zilikuwa zetu sisi wazee. Yeye ana changamoto, na ndani ya kila changamoto mna fursa. Nimeishi naye miezi saba hapa Tabata, na ninachoweza kukuambia ni kwamba fursa zote za nchi hii zimo ndani ya nyumba yangu.

Ana kampuni. Kampuni changa, na hilo “changa” analitamka kwa mapenzi kama mtu anayeongelea mahindi ya kuchoma. Wewe uko ofisini Posta, unabonyeza simu, mama ntilie wa Buguruni anapakua, bodaboda anakuletea. Wazo zuri, sikatai. Nililipenda mpaka asubuhi niliyozikuta hotpoti za mke wangu, zile za maua zisizoguswa mpaka wakwe waje, zimepangwa barazani na kuandikwa namba kwa maka peni.

“Hiyo ilikuwa changamoto ya vyombo, mjomba. Imeshatatuliwa.”

Ikaja ya mchuzi. Bodaboda haendi polepole hata akibeba mayai, na barabara zetu zina matuta. Ndizi nyama ikifika Posta, ndizi ni kavu na mchuzi uko kwenye suruali ya dereva. Kijana hakulala siku tatu, anachora, anafuta. Ya nne akaibuka na jibu: mbeleko. Kanga ya mke wangu, bila shaka. Hotpoti inafungwa mgongoni kwa dereva, inafunikwa vizuri isipoe, na kweli, hakikumwagika hata kijiko. Ila trafiki akamsimamisha dereva, akamsema dakika kumi nzima kwa kumbeba mtoto mchanga kwenye jua lile. Dereva akaona aibu kusema ni maharage. Akaomba radhi, akaahidi kumwahisha kliniki.

Ukilalamika unapigwa somo. “Mjomba, unawajua Airbnb?” Nawajua sasa kuliko majirani zangu. Mwaka 2007, huko San Francisco, vijana wawili kodi ya nyumba iliwaelemea. Mji ulikuwa na mkutano wa wabunifu, hoteli zimejaa. Wakajaza upepo magodoro 3, wakalaza wageni kwa dola 80 kwa usiku. Mwaka uliofuata wakaishiwa tena. Marekani ilikuwa kwenye uchaguzi, basi wakachukua nafaka zile za kumwagia maziwa asubuhi, wakazitia kwenye maboksi ya Obama na ya McCain waliyoyagundisha kwa mikono yao, wakauza dola 40 boksi. Wakapata kama dola 30,000. Ya McCain yalibaki, wakayala wenyewe.

Kisa kitamu. Lakini sebule ilikuwa yao na gundi ilikuwa yao. Mara zote nilizosimuliwa, na ni nyingi, sijasikia mahali walipohamia kwa mjomba wao.

Na asidhani ujanja umeshuka na ndege. Kabla M-Pesa haijaanza kule Kenya mwaka huohuo wa 2007, watu walikuwa wanakwangua vocha, wanamsomea ndugu namba kwenye simu, naye anamuuzia mwenye duka, anapewa noti. Hakuna aliyeita fursa. Ilikuwa ni kumtumia mama hela ya dawa.

Halafu anwani. Mteja anakuelekeza: “Nyuma ya gereji, nyumba yenye mwarobaini.” Tabata nzima ina mwarobaini. Suluhisho likawa wateja wote wa upande huu wachukulie chakula kwangu, kwa kuwa geti langu la kijani kila mtu analijua. Sasa nikisikia hodi saa mbili usiku sitoki tena kama mwenye nyumba, natoka na kachumbari. Juzi alikuja mjumbe. Nikajua leo nimepatikana, nadaiwa leseni. Akanisogelea, akashusha sauti, akauliza kama wali wa leo ni wa nazi.

Nilipodai hela ya umeme, maana friji yangu imegeuka stoo ya juisi, alinikabidhi karatasi yenye mhuri. Hisa. Ninamiliki asilimia 2 ya kampuni iliyohamia kwangu na haijawahi kunilipa. Mita ya LUKU inataka tarakimu 20; asilimia 2 nimejaribu, haziingii. Dada yangu nikimpigia anacheka, anasema mwanangu ana akili, huyo kakufuata wewe.

Jana nimeingia chumbani nikamkuta kachuchumaa kando ya kitanda changu cha sita kwa sita, ana futi kamba mkononi, anaandika kwenye simu. Nikauliza anapima nini.

“Tulia, mjomba. Hivi wewe na mama mnalala upande mmoja tu, au mnazunguka?”