Wiki ya Sanaa kwa Wenye Nafasi

Mpenda sanaa hakosi pa kwenda Saudia siku hizi. Riyadh kuna Noor Riyadh, tamasha la taa lililoanza 2021, na kutazama ni bure. Jeddah kuna Hayy Jameel, na Desemba huwa na tamasha la filamu la Bahari ya Shamu. Mwaka 2023 maonyesho ya sanaa za Kiislamu yalifanyika kwenye jengo la mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah: pale wazee wetu walipochoka kwa foleni, wajuzi wakachoka kwa kustaajabu.

Sinema nazo zilirudi Aprili 2018, baada ya miaka zaidi ya 30, kwa *Black Panther*. Hivyo binti wa Kenya, Lupita Nyong'o, mwigizaji katika filamu hiyo, akaingia Riyadh kwenye pazia la sinema, bila wakala wala mkataba, na pasipoti hakunyang'anywa. Binti zetu wengine, wafanyakazi wa nyumbani, wako mji huohuo, wakipiga pasi nguo za waendao kutazama. Kanuni zinawapa siku 1 ya mapumziko kwa wiki, mwajiri akikumbuka. Wasipoonekana kwenye maonyesho, wataalamu watatwambia Waafrika hawana mwamko wa sanaa.